Faili la Saa Tano

Tangu baba yake azikwe, Awuor alikuwa akiamka bila kuamshwa. Kabla jirani hajafungua redio, yeye tayari amerudi kutoka kwenye kibanda cha maji na mitungi miwili, amewasha jiko, na ameketi mlangoni akimsaidia mama kupanga nguo za mitumba. Zenye vifungo kamili huku, zilizopungukiwa na vifungo kule. Hawakuzungumza sana. Mikono ilijua kazi.

Zamani baba ndiye aliyelibeba robota la nguo hizo kwa baiskeli hadi sokoni Kibuye, kisha akaenda kufungua karakana yake ya kuchomelea mageti. Sasa mama na Awuor walilibeba wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, wakipumzika mara tatu njiani.

"Umechoka?" mama aliuliza Jumatatu hiyo walipotua mzigo mara ya pili.

"Hapana, Mama."

"Mimi nimechoka," mama alisema, kwa sauti ya mtu anayesema tu kwamba leo ni Jumatatu. Kisha akainama kushika upande wake wa robota.

Walipofika sokoni na kulitandaza turubai, mama alimfuta Awuor vumbi begani. "Nyathina, mwanangu, kile kitu cha baba yako kiko salama?"

"Kiko salama."

"Basi. Siku nikiwa na nguvu nitakisikiliza. Sasa nenda, utachelewa."

Awuor alikwenda shuleni akitembea polepole kuliko kawaida.

Katika chumba cha kompyuta cha shule yao kulikuwa na mashine ishirini na mbili, zote kuukuu. Kazi ya wanafunzi haikuhifadhiwa ndani ya mashine hizo. Ilihifadhiwa kwenye seva, kompyuta kubwa nyeusi iliyokaa chini ya meza ya Mwalimu Waliaula ikivuma mchana kutwa. Kila darasa lilikuwa na folda yake ya pamoja humo. Ya Gredi ya Nane iliitwa KAZI ZETU. Ukihifadhi kazi yako humo, unaweza kuifungua kesho kwenye mashine yoyote. Na wote waliingia kwa jina moja la darasa na neno la siri moja, kwa hiyo folda ilikuwa ya kila mtu, na hakuna aliyejua nani ameweka nini.

Wiki hiyo kila mwanafunzi alikuwa akimalizia kazi kuhusu mzee mmoja anayemfahamu na maisha ya Kisumu ya zamani. Maonyesho yalikuwa Ijumaa, na wazee wenyewe walikuwa wamealikwa.

Naeema, aliyeketi karibu na Awuor, ndiye aliyekuwa mbele ya wote. Alikuwa ameandika habari za babu yake, Mzee Hemedi, aliyefanya kazi bandarini enzi za mabehewa ya treni kuvushwa ziwani juu ya meli. Ndani ya kazi hiyo alikuwa ameweka pia sauti ya babu, dakika arobaini. Asubuhi hiyo aliifungua, akarekebisha sentensi mbili, akabonyeza kuhifadhi.

Mashine ilinyamaza kidogo. Kisha maneno yakatokea: nafasi imejaa.

"Mwalimu! Imekataa!"

"Usifunge!" Mwalimu Waliaula aliinuka mbio, lakini Naeema alikuwa amekwisha kufunga. Alipoifungua tena, ukurasa ulikuwa mweupe. Jina la kazi lilikuwepo, na ndani yake hapakuwa na kitu. Mashine ilikuwa imefuta ya zamani ili iandike mpya, halafu ikakosa pa kuandika.

"Wiki mbili," Naeema alisema. "Mwalimu, wiki mbili!" Hakulia kwa sauti. Alilaza paji la uso juu ya meza na mabega yake yakaanza kutikisika.

Mwalimu alikwenda kwenye mashine yake akaikagua folda. "Kuna faili moja hapa limeandikwa Mradi wa Sayansi," alisema mwishowe. "Folda nzima ina gigabaiti ishirini. Faili hili peke yake lina kumi na nne. Ni la nani?"

Wanafunzi walitazamana.

"Si kazi ya sayansi hiyo. Ni video, na ni ndefu. Sitaifuta kabla sijajua ni ya nani. Nauliza tena."

Macho ya darasa yaligeuka yakamtazama Cliff. Mwaka jana Cliff alikuwa amepatikana ameweka sevani mechi tatu za mpira na sinema ya mapigano.

"Aa, mimi?" Cliff alisimama. "Mwalimu, mwaka huu nimeokoka!"

Wachache walicheka. Mwalimu hakucheka. "Kaa nje ya chumba hiki mpaka jambo hili lieleweke, Cliff."

Cliff alichukua mfuko wake akatoka. Awuor alitazama vidole vyake.

Lilikuwa faili lake.

Baba yake hakuwa mtu wa kujipiga picha. Simu yake ilikuwa ya vitufe, ya kupigia wateja. Mahali pekee palipobaki sauti yake ni kwenye sinema ya mahari ya shangazi, iliyopigwa nyumbani kwao Kombewa mwezi wa Desemba. Aliyeipiga ni Griffins, kijana wa kamera anayeitwa kwenye sherehe zote za upande ule. Na kwao Kombewa sinema ya sherehe haikatwi. Ukikata, lazima umkate mtu, na mtu huyo atakuuliza kwenye kila harusi na kila msiba kwa nini hakuonekana akicheza. Kwa hiyo Griffins huwasha kamera wageni wa kwanza wanapoingia na huizima sufuria zinapooshwa. Sinema ya shangazi ilikuwa ya urefu wa saa tano nzima, faili moja.

Alhamisi iliyotangulia, Griffins alikuwa amefika kwenye kibanda cha mama na flash mkononi. "Mama, umeme uliunguza kompyuta yangu," alisema. "Nakala iliyobaki ya ile siku ni hii hapa. Nimekumbuka mzee alizungumza humo, nikasema niwaletee. Lakini Jumamosi nina harusi Sondu na flash yangu ni hii moja. Kesho jioni naipitia."

Simu ya mama ilikuwa ndogo, haingebeba hata robo ya sinema hiyo. Mama aliishika ile flash, akaitazama, akampa Awuor. "Wewe ndiye unayesoma mambo haya. Tafuta pa kuiweka."

Awuor aliwaza usiku mzima, na mahali pekee alipopata ni seva. Ijumaa saa ya chakula cha mchana aliingia kwenye chumba cha kompyuta peke yake, akainakili. Ilichukua karibu saa nzima. Alipoulizwa na mashine faili liitweje, aliandika Mradi wa Sayansi, ili lisiguswe. Jioni Griffins alichukua flash yake. Jumamosi, Sondu, aliifuta ili apate nafasi ya harusi ya watu.

Kwa hiyo sasa sauti ya baba ilikuwa chini ya meza ya Mwalimu Waliaula na si pengine popote duniani. Akisema ni lake, litafutwa. Asiposema, Cliff atakaa nje, na Naeema ataendelea kuumia. Jumanne na Jumatano Naeema alimuuliza, "Awuor, ni mtu wa aina gani anaweza kufanya hivi halafu anyamaze?"

"Sijui," Awuor alijibu Jumanne. Jumatano alijifanya anatafuta kalamu mfukoni mwake.

Cliff naye alipitia dirishani kila kipindi akiweka uso kwenye kioo. Wavulana walimpa jina, Tumbo la Seva. Siku ya kwanza alicheka nao. Siku ya pili alisema, "Tosheni sasa." Siku ya tatu hakuja dirishani.

Alhamisi alikuja Hemali. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, fundi wa kompyuta, ambaye familia yake ilikuwa na duka la vifaa vya umeme mjini tangu wakati wa babu yake. Alizitunza kompyuta za shule kadhaa. Alisalimia kwa Kiswahili, akamtania mpishi kwa Kijaluo dirishani, kisha akapiga magoti mbele ya seva kama mtu anayekagua mtoto mgonjwa.

"Mwalimu, nimeona," alisema. "Kosa ni langu pia. Nilipopanga folda hizi niliweka kikomo cha folda nzima, nikasahau kikomo cha kila faili." Aligeuka akaona darasa linamtazama, akaona afadhali awaeleze. "Mnakijua kibanda cha maji? Tuseme tangi lina maji ya kuwatosha watu wa mtaa. Halafu hamjasema mtungi uwe mkubwa kiasi gani. Mtu mmoja anakuja na lori la maji, anajaza, anaondoka. Foleni yote inarudi nyumbani na mitungi mitupu."

Awuor aliiona foleni hiyo. Alikuwa amesimama humo asubuhi hiyohiyo, nyuma ya watu kumi na mmoja.

"Kuanzia leo," Hemali aliendelea, "faili moja lisizidi megabaiti mia mbili. Maandishi yenu hayafiki hata kumi. Picha na sauti zinaingia vizuri. Kikubwa zaidi ya hapo, seva itakikataa mlangoni kabla hakijamuumiza mtu. Mwenye sababu atakuja kwa mwalimu waongee. Sasa, hili jitu lililopo." Alisoma jina kwenye kioo. "Mradi wa Sayansi. Nani hufanya sayansi ya gigabaiti kumi na nne?"

"Nimengoja siku tatu," Mwalimu Waliaula alisema. Alionekana mchovu, na tai yake ilikuwa imelegea. "Hakuna aliyejitokeza. Wengine wanahitaji kumaliza kazi zao leo. Futa."

Hemali alisogeza kidole.

Awuor hakukumbuka baadaye kwamba alisimama. Alikumbuka tu kwamba alikuwa amechoka. Alichoka kubeba, alichoka kujibu "kiko salama", alichoka kukwepa macho ya Naeema.

"Madam, usifute," alisema. "Ni langu. Cliff hajui lolote. Ni mimi."

Hemali aliondoa kidole.

"Wewe?" Naeema alisema.

"Awuor," Mwalimu alisema taratibu, "siku tatu umemtazama mwenzako akikaa nje. Kuna nini ndani ya faili hilo?"

"Baba." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Baba yangu anazungumza humo. Hakuna kwingine. Flash ilifutwa, Mwalimu, na mama bado hajamsikiliza."

Mwalimu Waliaula alivua miwani akaifuta kwa tai, ingawa haikuwa na kitu. Alikuwa amekwenda kwenye mazishi ya baba yake Awuor. "Kwa nini hukuniambia Ijumaa?"

"Ungesema haiwezekani."

"Huenda ningesema hivyo. Halafu tungeketi tukatafuta pengine. Sasa umemwondolea Naeema sauti ya babu yake ili uiweke ya baba yako. Umeliona hilo?"

"Nimeliona tangu Jumatatu," Awuor alisema, na machozi yakamtoka.

Hemali alivuta kiti akakipiga kofi. "Kuja hapa, kaa. Baba anazungumza saa zote tano?"

"Hapana. Kidogo tu. Ni baada ya mvua, kabla ya chakula."

"Basi tutafute mvua."

Waliipeleka sinema mbele, Awuor akieleza kwamba ni mahari ya shangazi yake Kombewa, na kwa nini haikukatwa. Wageni waliingia. Mashangazi wakacheza. Mzee mmoja alihutubia kwa nusu saa, na Hemali akamruka bila huruma. Kwenye saa ya tatu anga ya Kombewa ikawa nyeusi, watu wakakimbia na viti vichwani, kisha jua likarudi, na mwanamume mrefu mwenye shati la buluu akasimama katikati ya hema akishika kipaza sauti kama anayeogopa kitamuunguza.

"Wageni wetu, karibuni," baba alisema. "Mmetuambia mmechelewa kwa sababu ya ng'ombe. Sawa. Ng'ombe hana saa. Lakini wewe, shemeji, unayo mkononi, naiona inang'aa kutoka hapa." Watu wa hemani waliangua kicheko, na darasani pia wengine walicheka kabla hawajakumbuka kwamba anayetania hayupo tena.

Aliendelea. Alimsifu dada yake, akawaonya wakwe wasimwache abebe kuni peke yake, akashukuru. Kisha aligeuka pembeni, nje ya kipaza sauti kidogo, akasema, "Awuor, lete maji wageni wanawe." Akaketi.

Zilikuwa dakika nne. Hemali alizikata hapo hapo, mwanzo na mwisho, akazihifadhi peke yake. Alisoma ukubwa wake kwa sauti. "Megabaiti mia moja themanini na saba. Imepita mlangoni hata kwa kikomo changu." Sinema nzima aliihamishia kwenye diski yake mwenyewe. "Hii nitakutunzia mpaka shangazi yako alete flash. Watu wa Kombewa wasije wakaniuliza nani hakuonekana akicheza." Ndipo alipoifuta kutoka kwenye folda, na nafasi ikafunguka.

Lakini kazi ya Naeema haikurudi. Hemali aliitafuta kwa kila njia aliyoijua akatikisa kichwa.

Awuor alitoka nje. Cliff alikuwa ameketi kwenye ngazi akichora kiatu chake kwa kalamu.

"Cliff, lilikuwa faili langu. Nisamehe."

Cliff alimtazama. "Siku tatu nimeitwa Tumbo la Seva, na tumbo lilikuwa lako?"

"Lilikuwa langu."

"Utaliambia darasa lote, kwa mdomo wako?"

"Nimeshawaambia."

Alifikiri kidogo. "Basi nitakaa na hasira mpaka kesho, halafu itaisha," alisema, akarudi kuchora. Hasira hiyo haikufika kesho, iliisha saa ya chai.

Kwa Naeema haikuwa rahisi hivyo. Baada ya masomo Awuor alimfuata hadi lango la shule. "Twende kwa babu yako leo. Nitashika simu ya kwenu, wewe uulize. Halafu nitakuandikia yote asubuhi."

"Babu amechoka. Alisema hatarudia."

"Nitamwomba mimi."

Walikwenda Kaloleni, mtaani kwa babu, wakiwa wameachana hatua tatu. Mzee Hemedi alikuwa ameketi barazani na kofia yake magotini. Awuor alimpa shikamoo, akamweleza kila kitu, hata ile sehemu ya kuandika jina la uongo.

Mzee alimsikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo maneno yangu yamekufa ili ya baba yako yaishi."

"Ndiyo, Babu. Na nilinyamaza."

"Kunyamaza ndiko kubaya kuliko yote." Alikohoa. "Mara ya kwanza nilizungumza dakika arobaini. Leo nina pumzi ya dakika kumi. Naeema, washa kabla sijalala."

Awuor alishika simu kwa mikono miwili, ikamfa ganzi, asiishushe. Mzee hakuwataja tena wasimamizi wote kwa majina wala bei ya sukari ya miaka ile. Alisimulia siku ya kwanza alipoona behewa zima la treni likiingia ndani ya meli, akiwa kijana, akaenda nyumbani kumweleza mama yake, na mama yake akampiga kofi akidhani amelewa.

"Hiyo hukunisimulia mwanzo!" Naeema alisema.

"Mwanzo nilikuwa na nafasi ya kupotea katika maneno," mzee alijibu, akafumba macho.

Njiani kurudi walitembea sambamba. Naeema bado hakucheka, lakini alisema, "Kesho njoo mapema. Wewe huandika polepole."

Ijumaa, wazee walipokwisha kuondoka na viti kupangwa, Mwalimu Waliaula aliwabakiza wanafunzi wake. Hakupanda jukwaani. Aliegemea meza ambayo seva ilivuma chini yake.

"Leo nimewasikia wengine wakilalamika kwamba kikomo cha Madam Hemali ni adhabu," alisema. "Si adhabu. Mahali pa watu wengi panahitaji kipimo, ili aliye na kidogo asifukuzwe na aliye na kikubwa. Awuor hakukosea kumpenda baba yake. Alikosea kuficha, akatumia nafasi ya wenzake bila kuwauliza, na alipoona imewaumiza akanyamaza. Ukiwa na mzigo unaokushinda, sema. Utashangaa ni watu wangapi watashika upande wa pili. Na mimi pia nilikosea. Nilimhukumu Cliff kwa makosa ya mwaka jana. Cliff, nisamehe."

"Nimesamehe, Mwalimu," Cliff alisema. "Lakini kuhusu zile mechi…"

"Keti chini."

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya mabati ya Kibuye, Awuor alimkuta mama akikunja turubai. Simu ya mama, ambayo Awuor alikuwa ameiazima asubuhi, ilikuwa na faili jipya. Mwalimu mwenyewe alikuwa amelipeleka humo.

"Ni dakika nne tu, Mama," Awuor alisema. "Si lazima leo." Kisha akamweleza mengine yote, ya Naeema na ya Cliff, maana hakutaka mama asikilize kitu kilichofichwa.

Mama alikaa juu ya robota, akaondoa nywele usoni. "Nilikupa mzigo mkubwa nikakwambia tafuta pa kuuweka," alisema. "Safari nyingine tutatafuta wawili. Usinifiche, nyathina, hata nikiwa nimechoka. Washa."

Sauti ilitoka nyembamba kwenye ile simu yenye kioo kilichopasuka. Wageni wetu, karibuni. Mama alishika kinywa. Kwenye ng'ombe asiye na saa mabega yake yalitikisika, na Awuor hakujua kama ni kilio au kicheko mpaka alipoona meno. Mwanamke wa kibanda cha jirani aliacha kufunga mizigo yake akasogea kusikiliza.

"Awuor, lete maji wageni wanawe," baba alisema, na sauti ikakoma.

Mama alikitazama kioo kwa muda. Kisha akamtazama bintiye.

"Umesikia baba yako," alisema. "Mbona hujaleta?"

Awuor aliinuka akaenda kuleta maji.